Kuwafundisha wafanyakazi wa makazi ya bei nafuu kazi ya ukaguzi wa majengo: mlianzia wapi?

Swali: msimamizi wa majengo, Columbus, Ohio

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninasimamia majengo matatu ya makazi ya bei nafuu ambayo wapangaji wake wanasaidiwa kodi na serikali kuu ya Marekani. Timu yangu ni ndogo: mafundi wawili wa matengenezo, mhudumu mmoja wa usafi na karani wa ofisi, na wote ni watu wa kwetu, kutoka Kenya, Tanzania na Kongo, kwa hiyo kazini tunazungumza Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni. Wanajua kazi zao vizuri. Ninachoomba ushauri ni namna ya kuwafundisha kukagua, kwa sababu nimeona kwamba kujua kutengeneza na kujua kukagua ni ujuzi wa aina mbili.

Kama mnavyofahamu, Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, ambayo sote tunaiita HUD, ilitoa kanuni mpya ya ukaguzi inayoitwa NSPIRE mwezi Mei 2023. Kanuni hiyo ilianza kutumika kwa nyumba za umma mwezi Julai mwaka huo, na kwa majengo ya wamiliki binafsi yanayosaidiwa, kama haya yangu, mwezi Oktoba. Chini ya utaratibu wa zamani, uliodumu tangu mwaka 1998, majengo mengi yalizoea kungoja barua ya mkaguzi ndipo wakimbilie kupaka rangi na kukata majani. Utaratibu mpya hauwezi kukidhiwa kwa mbio za namna hiyo, maana uzito mkubwa umewekwa ndani ya nyumba anamoishi mpangaji.

Mafunzo yanayouzwa huku ni ya siku nzima ya kukaa ukumbini na kutazama picha ukutani, kwa Kiingereza cha haraka, na mwisho kila mtu anapewa cheti. Wafanyakazi wangu walihudhuria. Wiki iliyofuata fundi mmoja aliingia katika nyumba ya mpangaji kuzibua sinki la jikoni, akalizibua vizuri, akafunga oda ya kazi na kuondoka. Nilipopita mimi mwenyewe baadaye nikakuta soketi iliyo karibu kabisa na sinki lile haina kinga yoyote, na king'ora cha moshi cha chumbani kimeondolewa, kimebaki kitako chake tu darini. Fundi huyo si mzembe hata kidogo. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kutazama ni sehemu ya kazi aliyotumwa.

Naomba mnieleze ninyi mlifundishaje watu wenu, mlianza na nini, na ni jambo gani lililobadilisha kweli utendaji wao. Nisingependa kuwapeleka tena ukumbini.

Jibu: fundi mkuu wa matengenezo, Louisville, Kentucky

Ndugu yangu, nakushauri usianze na kitabu cha viwango. Viwango ni vingi, kila kimoja kina vifungu vyake, na mtu akisomewa vyote kwa mfululizo hatabaki na kitu. Anza na yale yanayotakiwa kurekebishwa ndani ya saa 24. Kanuni imegawa kasoro katika ngazi nne: zinazohatarisha maisha, kali, za wastani na ndogo. Kwa majengo ya aina yako ngazi mbili za kwanza zote zina saa 24, za wastani zina siku 30, na ndogo zina siku 60. Fundi akishika vizuri orodha ya saa 24, ameshika sehemu inayookoa watu, na hizo nyingine atazizoea taratibu.

Darasa langu ni nyumba iliyo wazi. Mpangaji akihama, kabla hatujapaka rangi, ninaingia na vijana wangu pamoja na mhudumu wa usafi, kila mmoja akiwa na tochi, tepu ya kupimia na kile kijaribio kidogo cha soketi chenye taa tatu. Siku moja kabla huwa ninaingia peke yangu na kuweka kasoro kwa makusudi: ninalegeza kitasa cha mlango wa kuingilia, ninaondoa kifuniko cha soketi moja baada ya kuzima umeme wake, ninafungua king'ora kimoja, ninasukuma kabati lizibe njia. Kisha kila mtu anazunguka kimya na karatasi yake. Tukikutana jikoni kulinganisha karatasi, ndipo mafunzo yanapofanyika hasa, kwa sababu kila mmoja anaona alichokiruka na mwenzake akakiona, na mimi sihitaji kusema maneno mengi.

Kitu cha pili ni kuwafundisha kutumia mikono. Ukaguzi wa macho peke yake hudanganya. Chukua bafuni. Ninamsimamisha fundi mbele ya sinki, anavuta tepu kutoka kwenye sinki mpaka kwenye soketi. Ikiwa ni futi 6 au pungufu, soketi hiyo lazima iwe na kinga ya GFCI, yaani ikate umeme mara moja unapovujia mahali pasipostahili. Halafu anabonyeza kitufe cha kujaribia: lazima asikie mlio wa kukata, na kijaribio kizime. Kisha anabonyeza cha kurudishia, na taa ziwake tena. Nimeona soketi mpya kabisa, nyeupe na safi, zenye vitufe vyote viwili, ambazo ukibonyeza hazikati chochote. Mtu anayetazama tu angeandika kwamba zote ni nzima.

Hivyo hivyo kwa mlango wa zimamoto wa korido. Usiuangalie ulivyofungwa, ufungue mpaka mwisho, uachie, urudi nyuma, utazame kama utajifunga wenyewe na ulimi wa kitasa uingie mahali pake. Mara nyingi unasimama umebakiza upana wa kidole, na hiyo ni kasoro ya saa 24. Tangi la maji moto nalo watu huangalia kama linavuja chini wakasahau bomba la vali ya usalama, ambalo linatakiwa kushuka mpaka karibu na sakafu ili maji ya moto yakiruka yasimwunguze mtu usoni. Mtungi wa kuzimia moto una mambo mawili: mshale wa geji uwe kwenye kijani, na kadi ya huduma isiwe imepitisha mwaka. Kwenye kisanduku cha umeme, nafasi yoyote iliyo wazi ambayo kidole kinaweza kupenya hadi kwenye umeme ni kasoro ya kuhatarisha maisha, na dawa yake ni kifuniko kidogo cha plastiki cha bei ndogo ambacho kila fundi anapaswa kuwa nacho mfukoni.

Mwisho, nilibadilisha fomu ya oda ya kazi. Chini ya mahali pa kuandika kilichotengenezwa kuna mistari mitano: ving'ora, soketi za karibu na maji, njia ya kutokea, mlango wa kuingilia, dalili za maji au ukungu. Fundi hafungi oda mpaka amejaza mistari hiyo, hata kama aliitwa kubadilisha balbu. Nafikiri hili ndilo lililotubadilisha kuliko yote, kwa sababu nyumba ambayo zamani ilikaguliwa mara moja kwa mwaka sasa inaangaliwa kila fundi anapoingia.

Jibu: mratibu wa huduma za wapangaji, Portland, Maine

Naungana na fundi mkuu, lakini naona kuna upande mmoja ambao mafunzo mengi yanauacha, nao ni upande wa mpangaji aliyemo ndani. Nyumba iliyo wazi haina mtu wa kuaibika.

Chukua suala la king'ora cha moshi ulilolitaja. Katika majengo yetu kuna familia nyingi za Kikongo, na akina mama wanapika kwa mafuta mengi katika majiko yaliyobanana na vyumba. King'ora kikilia kila wanapokaanga samaki, mtoto analia, jirani anagonga ukuta, na mwishowe mtu anakifunga kwa mfuko wa plastiki au anakiondoa kabisa. Fundi aliyefundishwa orodha tu atakirudisha na kuondoka, na baada ya siku chache kitakuwa kimeondolewa tena. Fundi aliyefundishwa kuuliza atagundua kwamba feni ya jiko haivuti, au kwamba king'ora kimewekwa karibu mno na jiko, na atatengeneza chanzo. Kanuni inataka king'ora ndani ya kila chumba cha kulala, kingine nje ya vyumba ndani ya futi 21 kutoka mlangoni, na kimoja katika kila ghorofa ya nyumba. Haisemi kiwekwe juu ya sufuria.

Kwa hiyo sisi tunafanya mazoezi ya kuzungumza, na tunayafanya kwa Kiswahili. Mmoja anakuwa mpangaji, mwingine fundi. Tunasisitiza kwamba mzee apewe shikamoo kabla ya jambo lolote, fundi ajitambulishe, aeleze amekuja kuangalia nini na kwa nini, na aombe ruhusa kabla ya kufungua kabati au kuingia chumba cha kulala. Badala ya kusema, «Mama, umeharibu king'ora,» anafundishwa kusema, «Mama, naona king'ora kimetoka, kinakusumbua wakati gani?» Jibu la swali hilo lina habari nyingi kuliko ukaguzi wa nusu saa. Najua wapo watakaoona haya ni mambo ya adabu tu yasiyohusu majengo, lakini mpangaji anayemwamini fundi humwonyesha uvujaji uliojificha nyuma ya choo, na asiyemwamini humwambia kila kitu ni salama.

Hofu ya kudaiwa gharama ni kubwa kuliko wasimamizi wanavyodhani. Wapangaji wengi wanaamini kwamba wakitaja kasoro watalipishwa au watatolewa, hasa waliofika karibuni, ambao nyumba hii ndiyo ya kwanza ya kudumu kuipata baada ya miaka ya kambini. Wafundishe wafanyakazi wako wajue sera ya jengo kuhusu gharama, kwa maneno rahisi, ili waweze kujibu palepale bila kubahatisha. Na pale ambapo mpangaji haongei Kiingereza wala Kiswahili, tafuteni mkalimani wa simu. Msimtumie mtoto wake wa shule kueleza habari za kunguni au za deni.

Nimefurahi kuona fundi mkuu anamwingiza mhudumu wa usafi katika mafunzo. Yeye ndiye anayepita korido zote kila siku, anaona taa ya dharura isiyowaka na baiskeli iliyofungwa kwenye njia ya kutokea muda mrefu kabla yetu. Kwetu alipopewa namba ya kutuma picha na uhakika kwamba picha zake zitafanyiwa kazi, alianza kutuletea mambo ambayo hatukuwa tunayajua.

Muuliza swali anaendelea

Asanteni sana, nimejifunza mengi, na mistari mitano ya oda ya kazi nitaianza wiki hii. Nina jambo moja linalonitatiza bado. Kanuni inatutaka sisi wenyewe tukague nyumba zote kila mwaka. Mafundi wangu wanasita kuandika kasoro kwa sababu mbili: wanaona kama wanajishtaki kwa kazi waliyoifanya wenyewe, na wanajua kila wanachoandika kitarudi kwao kama kazi ya kesho. Je, ni sahihi fundi akague jengo analolitengeneza? Na je, niwafundishe mambo ya alama ambazo jengo hupewa likikaguliwa na HUD, au niwaachie ofisi?

Jibu: afisa wa kanuni na kumbukumbu, Dallas, Texas

Kuhusu nani akague, kwetu mafundi hubadilishana majengo. Wa jengo la kwanza anakagua la tatu, na wa tatu analikagua la kwanza, kisha anayehusika na jengo husika anapokea orodha na kupanga kazi pamoja na msimamizi. Hakuna anayejishtaki, na jicho geni huona kile ambacho macho ya mwenye jengo yameshakizoea. Wewe una mafundi wawili na majengo matatu, kwa hiyo itabidi jengo moja ulikague mwenyewe pamoja na karani, jambo ambalo si baya, kwani karani akishaona ukungu kwa macho yake ataandika ombi la mpangaji kwa usahihi zaidi siku nyingine.

Kuhusu kusita kuandika, dawa iko kwako wewe msimamizi na si katika mafunzo. Fundi akiandika kasoro arobaini halafu akapewa siku mbili za kuzimaliza huku maombi ya kawaida yanaendelea kumiminika, mwakani ataandika kumi. Panga kwanza muda na vifaa, ndipo uwaombe ukweli. Katika wiki ya ukaguzi sisi huacha kazi zote zisizo za dharura, na vifaa vinavyojulikana kuhitajika, kama ving'ora, soketi za GFCI, vifuniko na vitasa, vinakuwa vimeshanunuliwa na kuwekwa stoo.

Kuhusu alama, nashauri uwafundishe, tena kwa hesabu ubaoni. Alama zinahesabiwa kwa 100, na kufaulu ni 60 na kuendelea. Kila kasoro ina thamani yake kulingana na ukali na mahali ilipo. Kasoro ya kuhatarisha maisha ndani ya nyumba ina thamani ya 60, kasoro kali 14.8, ya wastani 5.5 na ndogo 2.4, na kila thamani hugawanywa kwa idadi ya nyumba zilizokaguliwa. Kama mkaguzi ameingia nyumba 20, kifuniko kimoja cha soketi kinachoacha nyaya wazi kinaondoa alama 3 nzima. Kasoro kali moja inaondoa 0.74. Ikiwa ndani ya nyumba peke yake mmepoteza alama 30 au zaidi, mmeanguka hata kama nje kote kunang'aa. Nilipowaandikia mafundi hesabu hii walielewa wenyewe kwa nini hatutaki tena watumie wiki nzima kupaka rangi uzio. Matokeo nayo yana faida ya wazi kwao: jengo linalopata 90 au zaidi hukaguliwa na HUD baada ya miaka mitatu, la kati ya 80 na 89 baada ya miaka miwili, na la chini ya 80 kila mwaka.

Kumbukumbu usizipuuze. Mfundishe kila mtu kupiga picha mbili za kasoro: moja ya mbali inayoonyesha ni chumba gani, na moja ya karibu inayoonyesha tatizo. Baada ya matengenezo apige tena kutoka mahali palepale. Picha ya soketi peke yake kwenye ukuta mweupe haithibitishi chochote, maana kuta nyeupe ziko kila nyumba. Matokeo ya ukaguzi mnaoufanya wenyewe kila mwaka yanatakiwa kutunzwa kwa miaka mitatu, na mtu atakayeyafungua mwaka wa tatu huenda hatawafahamu ninyi wala majengo yenu.

Kalenda nayo ni sehemu ya mafunzo. Kuanzia Oktoba 1 hadi Machi 31 joto ndani ya nyumba likishuka chini ya nyuzi 64 za Fahrenheit ni kasoro ya kuhatarisha maisha, na kati ya 64 na 67.9 ni kasoro kali. Kwa hiyo mwezi Septemba fundi anawasha mfumo wa joto katika kila nyumba, anasubiri, na anapima kwa kipimajoto katikati ya chumba, si kwa kutia mkono mbele ya tundu la hewa. Kwenu Ohio mnalihitaji zoezi hili kuliko sisi huku Texas.

Jibu: fundi mkuu wa matengenezo, Louisville, Kentucky

Nakubaliana na ndugu wa Dallas kuhusu kubadilishana majengo, na kuhusu hesabu nitakubali kwa sharti moja: waonyeshe hesabu baada ya kuzoea orodha ya saa 24, si kabla yake. Sababu ni kwamba kukosekana kwa king'ora cha moshi au cha gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi hakupunguzi alama katika mfumo huu. Huandikwa kama kasoro ya kuhatarisha maisha na hutakiwa kurekebishwa ndani ya saa 24, lakini hakuingizwi katika hesabu. Fundi aliyelelewa kwa alama anaweza kukimbilia kifuniko cha soketi chenye alama 3 na kukiacha king'ora kwa ajili ya kesho, na usiku ule watu wamelala mle ndani.

Jambo jingine la kumwongezea muuliza swali, kwa kuwa ametaja kitako kilichobaki darini: usinunue tena vile ving'ora vya betri za kubadilisha. Tangu Desemba 29, 2024 sheria inataka viwe vimeunganishwa na umeme wa jengo, au viwe na betri iliyofungiwa ndani, isiyotolewa, ya kudumu miaka 10. Waonyeshe wafanyakazi tarehe ya kutengenezwa iliyochapwa nyuma yake, wazoee kukigeuza na kuisoma kabla hawajakirudisha darini, na namba ya nyumba pamoja na tarehe hiyo viandikwe kwenye daftari la jengo siku ileile.